Vidonge vya Zamu

Wenzangu wa mjini na wa shamba, nikupeni habari ya Fundi Muhiddin Kificho. Si habari ya mlevi wala ya mwizi; hizo mmeshazisikia mpaka zimechuja. Hii ni habari ya mtu mwema, tena mwadilifu kupita kiasi, ambaye uadilifu wake ulikaribia kumuua. Anayetaka kucheka na acheke, lakini akimaliza kucheka asome mpaka mwisho.

Asubuhi hiyo ya mwaka 1971 Mlandege ilikuwa imetulia. Jua halijawa kali, mandazi yanakaangwa banda la pili, redio ya mwenye duka inasoma habari kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Fundi Muhiddin alikuwa amechuchumaa mbele ya kibanda chake cha bati. Baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, naye analizungusha moja na kulitegea sikio kama daktari anavyotegea kifua cha mtoto.

"Nizibie pancha tu, fundi," alisema mwenye baiskeli, Mabrouk, mchuuzi wa mihogo wa Mwera. "Nna haraka."

"Na hii breki ya mbele?"

"Hiyo mbovu tangu mfunguo mosi. Nnayo ya nyuma, yatosha."

Fundi Muhiddin aliliachia gurudumu. Alimtazama Mabrouk kwa huruma, kama mtu anayetazama maiti inayotembea.

"Hebu nambie, yakhe. Unatoka Mwera na magunia ya mihogo kwenye keria, unashuka mteremko wa Welezo, na breki moja?"

"Naibana sana."

"Ukiibana sana raba itaungua, gurudumu litaserereka, na wewe na mihogo mtaingia mjini kila mmoja kwa njia yake." Watu wa mandazi wakacheka. Fundi akanyanyua spana kama khatibu. "Breki moja ni ya kuendea msikitini. Ukiwa na mzigo mzito na mteremko mkali, unabana zote mbili, hii kidogo na hii kidogo, kwa pamoja. Hapo chombo kinatulia kama kimeambiwa neno zuri."

Maneno hayo, msomaji, yatie mfukoni. Tutayahitaji huko mbele, na mwenyewe Fundi Muhiddin atayahitaji zaidi kuliko sisi.

Basi aliinuka ili achukue solusheni ya kubandikia kiraka rafuni. Hakuifikia. Ardhi ilimpanda na kumshuka, macho yakaona cheche, na mkono wa kulia ukafa ganzi mpaka spana ikamdondoka. Alitaka kumwambia Mabrouk "niokotee", ikatoka sauti isiyo na herufi. Mabrouk alimdaka, akamkalisha juu ya kasha. Kabla mandazi yaliyokuwa karaini hayajaiva, mkono ulikuwa umerudi na ulimi umefunguka.

"Njaa tu," alisema Fundi Muhiddin, akijipangusa jasho.

"Njaa gani inayopinda mdomo?" alisema Mabrouk. "Twende hospitali, na pancha iende zake."

Daktari aliyemwona alikuwa kijana, jina lake Mjaka, aliyerudi masomoni si zamani sana. Alimwamkia mgonjwa wake kwa adabu, "Shikamoo mzee," akajibiwa "Marahaba," kisha akamfunga kile kitambaa cha mkononi, akapuliza, akasikiliza. Akakifungua. Akapuliza tena mkono wa pili. Fundi Muhiddin, ambaye maisha yake yote yamepita katika kujaza upepo, alijua kwa uso wa kijana yule kuwa tairi hili limejaa kuliko haki yake.

Walimpima mkojo, wakamtazama ndani ya macho kwa taa, wakamsikiliza moyo. Kisha Daktari Mjaka akavuta kiti karibu.

"Katika jamaa zako, mzee, nani ameugua kiharusi?"

"Kaka yangu. Alianguka akitia udhu. Hakuamka."

Daktari aliliandika hilo. "Presha yako iko juu sana, na haikupanda jana. Moyo umeanza kutanuka, figo zimeanza kuchoka, na hilo la asubuhi la mkono kufa ganzi lilikuwa onyo. Nakupa dawa mbili."

"Mbili?" Fundi alikunja uso. "Jirani yangu Jaku ana presha vilevile, mnampa moja tu, na mtu ananenepa."

"Jaku, ikiwa ni yule nnayemjua, imempanda kidogo na hana jengine. Mtu kama huyo naanza naye kwa dawa moja, nangoja, naangalia. Kwako sina nafasi ya kungoja. Ningekupa moja kwa wingi ingekudhuru kabla ya kukufaa. Kwa hivyo nimechagua mbili, kila moja kidogo, na kila moja ina njia yake. Hii nyeupe inalegeza mishipa. Hii ya manjano inatoa chumvi na maji yaliyozidi, utakwenda haja ndogo mara kwa mara, usishangae. Nyeupe inaweza kukuletea usingizi na kuziba pua. Likikuzidi neno lolote, njoo uniambie. Utakunywa zote mbili, pamoja, kila siku asubuhi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na papa mkavu na ng'onda, kwa chumvi yake, uvipungie mkono."

"Hapo sasa umenifunga jela, daktari," alisema Fundi Muhiddin, wakacheka wote wawili. Akatoka na vichupa viwili vya kahawia, kimoja mfuko wa kulia na kimoja wa kushoto. Hakusikia vibaya, naomba hilo tulielewe. Alisikia kila neno. Tatizo lilikuwa nyumbani, na nyumbani kwa Fundi Muhiddin palikuwa pawili.

Mke wake mkubwa, Bi Mwanapili, alikaa Kiponda, ndani ya mji mkongwe, nyumba yenye ngazi nyembamba na baraza ya kuta nene. Mke mdogo, Bi Kazija, alikaa Amani, nyumba ya chini yenye uwanja na mpera. Siku mbili Kiponda, siku mbili Amani, na baiskeli katikati. Kwa zamu hiyo hakuna kadhi angelimkuta na kosa. Akinunua kanga, ni doti mbili za rangi moja na jina moja, hata siku ya sikukuu wakeze wakionekana mbali ungedhani ni waimbaji wa kikundi kimoja cha taarabu. Akinunua samaki, ni wawili wa urefu mmoja. Kama mmoja mkia wake umezidi, muuzaji atafute mwengine. Tikiti aliligawa kwa kulipima na uzi. Watu walimcheka, lakini wenye wake wawili walimwonea kijicho, maana katika nyumba zake hakujasikika ugomvi wa sufuria.

Siku ya kwanza vichupa vyote vilikaa Kiponda. Bi Mwanapili alivifunga kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akaviweka rafuni karibu na chetezo, akampa mumewe vidonge na maji kama anavyopewa bwana harusi. Ilipofika zamu ya Amani, Fundi alitaka kuvichukua.

"Wapi?" aliuliza Bi Mwanapili.

"Nnakwenda navyo Amani. Dawa ya kila siku hii."

"Dawa ina mahala pake, bwana. Si birika, liazimwe kwa jirani. Vitavunjika njiani na hiyo baiskeli yako."

Akaenda Amani mikono mitupu. Bi Kazija, ambaye habari alikwishaipata kwa njia wanazozijua wanawake peke yao, alimngoja mlangoni.

"Nasikia umepewa dawa."

"Nimepewa."

"Ziko wapi?"

"Kiponda."

Bi Kazija alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akaacha nazi nusu. Hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Kwa hivyo roho yako inawekwa kwa mwenzangu, mimi huku nimeolewa na kivuli. Haya. Na zamu yangu ukianguka humu ndani, watu watasema nini, Muhiddin? Watasema kwa mkubwa alikuwa mzima, kwa mdogo ndiko alikofia. Nitatoka wapi mimi na uso huu?"

Maneno hayo yalimwingia. Usiku kucha alijigeuza kitandani, akitafuta haki ilipo, kama alivyozoea kuitafuta katika mkia wa samaki. Na alfajiri akaipata. Dawa si mbili? Wake si wawili? Nyeupe ikae Kiponda, manjano ikae Amani. Kila mke mlinzi wa chake, hakuna aliyezidiwa. Tena alijiona ana hoja: maradhi ni mamoja, dawa zote mbili ni za maradhi hayo hayo, kazi ni ile ile. Leo ifanye hii, kesho kutwa ifanye ile. Yeye mwenyewe, alijiambia akisukutua, halali kwa wake wawili usiku mmoja, na nyumba zinakwenda.

Jamani, huyo ndiye mtu aliyemhutubia Mabrouk juu ya breki moja.

Wakeze walifurahi. Bi Mwanapili alibaki na kichupa chake ndani ya darizi. Bi Kazija alikitia chake kwenye kabati la kioo, kati ya vikombe vya kauri ambavyo havijapata kunywewa chai, kila mgeni akione. Fundi Muhiddin akarudi Mlandege anapiga mbinja. Hakuna kichwa kinachouma, hakuna kizunguzungu. Presha, mwenzangu, haina adabu ya kubisha hodi. Mtu anaweza kukaa nayo chumba kimoja akadhani yuko peke yake.

Lakini dawa hazikai kimya, nazo zikaanza kusema, kila moja kwa lugha yake na kila moja katika nyumba yake. Kiponda, kwa ile nyeupe, Fundi alizibwa pua na kuelemewa na usingizi. Bi Mwanapili akimsimulia habari za harusi ya mtaa wa pili, mume anaitikia "naam" huku kidevu kiko kifuani. Amani, kwa ile ya manjano, njia ya chooni haikuota majani. Bi Kazija akipakua, mume anainuka. Akimimina chai, mume anainuka.

Kila mke akatazama upande wa mwenzake.

"Kuna kitu analishwa huko Amani," Bi Mwanapili alimwambia shoga yake. "Huja kwangu anasinzia kama kuku wa kideri."

"Kuna kitu ananyweshwa huko Kiponda," Bi Kazija naye akanong'ona na jirani. "Tangu lini mwanamme mzima akaishi chooni?"

Fundi Muhiddin aliona nyuso zinavimba, akajitahidi kwa dawa aliyoijua: akaongeza usawa. Akanunua mafuta ya nazi chupa mbili, ubani pakiti mbili. Haikusaidia.

Alirudi kwa Daktari Mjaka siku aliyoambiwa, maana hakuwa mtoro. Daktari alipuliza, akasikiliza, akakunja paji la uso.

"Imeshuka kidogo tu. Sivyo nilivyotaraji. Unakunywa dawa, mzee?"

"Nakunywa, daktari."

"Zote mbili?"

Hapo ndipo mlango wa uokovu ulipokuwa wazi, upana wa mtu na baiskeli yake. Fundi Muhiddin aliutazama. Alifikiri namna ya kumwambia kijana huyu, mwenye umri wa mwanawe, juu ya darizi na kabati la kioo, juu ya kibao cha mbuzi na uso wa Bi Kazija. Ataanzia wapi? Atasema, mimi mwanamme wa makamo, wake zangu wamegombania chupa, nami nimewagawia maisha yangu kama tikiti? Akaona haya.

"Zote mbili," alisema.

Hata uongo haukuwa. Alizinywa zote mbili, ila hazikuwahi kukutana tumboni hata siku moja.

Daktari alimwongezea dawa zile zile za kuendelea nazo, akamwambia arudi haraka zaidi safari hii, na kwamba ikiwa bado iko juu basi itabidi kubadilisha. Fundi akaondoka. Nyeupe Kiponda, manjano Amani.

Alhamisi moja alasiri alikuwa anahama zamu. Ametoka Kiponda, kapigiwa shati pasi, kwenye keria kafunga samaki wa Bi Kazija, pacha wa yule aliyebaki Kiponda. Alipofika Darajani, palipo na msongamano wa sokoni, gari la ng'ombe likakata njia mbele yake. Fundi Muhiddin alifanya alichokifanya maisha yake yote bila kufikiri: alibana breki zote mbili.

Mkono wa kushoto ulibana. Mkono wa kulia haukubana. Aliutazama, nao umelala juu ya breki kama mkono wa mtu mwengine. Aliuamuru, ukakataa. Baiskeli ikaserereka upande, yeye na samaki wakaingia katika chungu ya madafu, na kitu cha mwisho alichokisikia ni sauti ya Mabrouk aliyekuwa akiuza mihogo upande wa pili wa njia. "Fundi! Jamani, Fundi Muhiddin huyo!"

Alipozinduka alikuwa amelazwa hospitali. Dari nyeupe, harufu ya dawa ya kusafishia, na upande wake wa kulia haumo. Alijua upo kwa kuwa aliuona chini ya shuka. Ulimi ulikuwa mzito kama sponji lililolowa. Mabrouk alikuwa amesimama miguuni pake, na shati limejaa maji ya madafu. Maskini Mabrouk, hakujua amwite mke yupi, akawaita wote wawili.

Nao walikuja. Bi Mwanapili kwa mlango huu, Bi Kazija kwa mlango ule, kanga zao rangi moja, wakakutana juu ya kitanda.

"Katoka kwangu mzima!" alianza Bi Mwanapili. "Kala, kaoga, kavaa."

"Na kwangu hajafika!" alijibu Bi Kazija. "Kwa hivyo nini, bibi? Mzima gani anayeanguka njiani? Kila akija kwangu yuko chooni. Mnamnywesha nini huko?"

"Mimi? Wewe ndiye useme unamlisha nini, akirudi kwangu hata jina lake halikumbuki kwa usingizi!"

"Mwenzangu, ogopa Mungu. Mimi humpa dawa yake kila zamu yangu kwa mkono wangu. Hii hapa!" Bi Kazija alifungua pindo la kanga, akatoa kichupa.

"Na mimi humpa yake! Hii hapa!" Bi Mwanapili akafungua kitambaa cha darizi.

Fundi Muhiddin aliwasikia. Alitaka kuwaambia wanyamaze, kwamba hakuna aliyemfanya kitu, kwamba kosa ni lake. Ikatoka sauti tu. Alitazama vichupa viwili vimenyanyuliwa juu ya kifua chake, kimoja kila upande. Tangu vilipotoka mifukoni mwake havijapata kuwa karibu vile.

Daktari Mjaka alikuwa amefika mlangoni. Aliingia kati ya wanawake wale wawili, akasema, "Mama zangu, nipeni." Akavipokea, kimoja mkono huu na kimoja mkono huu. Akavitikisa. Vyote viwili, ambavyo kwa hesabu yake vingekuwa vitupu, vilikuwa bado vinalia.

"Nyeupe inakaa wapi?"

"Kiponda," alisema Bi Mwanapili.

"Na manjano?"

"Amani," alisema Bi Kazija.

"Na akiwa Amani, nyeupe anainywea wapi?"

Wanawake wakatazamana. Hata mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akifurahia ugomvi kuliko uji wake, aliacha kijiko hewani.

Daktari hakuwakemea. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika ule mkono wa kulia usiosikia kitu. "Hakuna aliyemroga hapa," alisema taratibu. "Usingizi ni wa nyeupe. Kukojoa ni kwa manjano. Kila mmoja wenu ameona nusu ya matibabu akadhani ni uchawi wa mwenzake. Nilimpa mbili kwa kuwa hatari yake ni kubwa na moja peke yake isingelimtosha. Na alikuwa akinywa moja peke yake kila siku, leo hii, kesho kutwa hii. Mimi nami nilipoona presha haishuki niliuliza neno moja, nikaridhika na jibu. Ilinipasa nimwambie anioneshe vichupa."

Fundi Muhiddin alinyanyua mkono wa kushoto, uliobaki wake. Aliunyoosha mbele, vidole vikakunjika, vikabana hewa. Akaachia. Akabana tena. Kisha akautazama mkono wa kulia, uliolala mkononi mwa daktari.

"Anataka maji," alisema Bi Mwanapili.

"Hapana, mama," alisema Mabrouk. "Anasema breki."

Machozi yalimtoka Fundi Muhiddin, yakaingia masikioni, naye hakuwa na namna ya kuyafuta. Aliyeyafuta alikuwa Bi Kazija kwa pindo la kanga upande ule, na Bi Mwanapili upande huu.

Alikaa hospitali mpaka presha ilipotulia kwa dawa zile zile mbili, safari hii zikiingia pamoja. Ulimi ulirudi, ingawa maneno yenye herufi nyingi yalimsumbua. Mguu ulirudi nusu. Mkono haukurudi. Daktari Mjaka alisema Mungu ndiye ajuaye, lakini akaongeza, kwa ukweli aliowazoesha, kwamba kazi ya dawa sasa ni kuzuia la pili lisije, na kwamba la kwanza lingeweza kuzuilika vilevile.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliwarudishia wake vichupa vyao, akampa fundi dozi ya kesho yake, naye akapelekwa Kiponda, zamu ilikuwa ya huko. Na siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri, Bi Mwanapili alijifunga buibui, akashuka ngazi, akavuka Darajani, akaenda mpaka Amani kwa miguu. Tangu mumewe aoe mke wa pili, hajapata kukanyaga uwanja ule. Bi Kazija alikuwa anafagia chini ya mpera. Ufagio ukasimama.

"Hodi," alisema Bi Mwanapili.

"Karibu, Bi Mkubwa," alisema Bi Kazija, na hakujua aweke wapi mikono.

Bi Mwanapili alikaa mkekani, akafungua kitambaa cha darizi. Bi Kazija akaenda kabatini, akarudi na kichupa chake na sinia. Wakamimina. Nyeupe na manjano zikachanganyika juu ya sinia moja, nao wakainamisha vichwa, wakaanza kugawa.

"Yako nyingi," alisema Bi Kazija baada ya muda.

"Usianze," alisema Bi Mwanapili, na wote wawili wakacheka. Kisha mmoja wao akalia. Majirani waliosikia hawakuweza kujua ni nani.

Tokea siku hiyo kila nyumba ina vichupa viwili. Fundi akilala Kiponda, asubuhi anapewa vidonge viwili na maji. Akilala Amani, ni viwili vilevile. Usingizi ulipozidi alimwambia daktari, naye akapunguza hapa na kubadilisha pale. Fundi aliyaeleza yote safari hii, hata habari za chooni, bila haya, mpaka daktari akamwomba apunguze maelezo.

Kibanda cha Mlandege kimefunguliwa tena, lakini fundi sasa anakaa kitini. Baiskeli yake imetundikwa ukutani. Kwenda Kiponda na Amani anakokotwa kwa gari ya mkono na yeyote mwenye huruma, mara nyingi Mabrouk, mihogo nyuma na fundi mbele.

Asubuhi moja Mabrouk aliileta baiskeli yake, hatimaye, kwa ajili ya breki ya mbele.

"Mimi mkono sina," alisema Fundi Muhiddin. "Shika spana wewe. Nitakuambia."

Akamwambia, neno kwa neno, na Mabrouk akakaza, akalegeza, akakaza. Ilipokwisha, fundi alimwashiria apande.

"Bana."

Mabrouk akabana ya nyuma.

"Zote mbili, yakhe," alisema fundi kwa ule ulimi wake mzito. "Pamoja."

FUNZO

Sasa wenzangu, tukimaliza kucheka. Presha haiumi, na kwa kuwa haiumi watu huifanya mgeni wa kungojeshwa. Kuna ambao dawa moja inawatosha, na kuna ambao mzigo wao ni mzito na mteremko wao mkali: moyo umechoka, au figo, au mkono umeshakufa ganzi siku moja ukarudi. Hao daktari akiwachagulia dawa mbili za kunywa pamoja, asiwepo wa kuzitenganisha, si kwa usawa, si kwa wivu, si kwa kuona jirani anameza moja. Dawa hizo hazirudii kazi moja. Zinasaidiana, na ukizitenganisha umeziua zote mbili.

Na ikiwa nyumbani kuna jambo linalokuzuia, mwambie daktari, hata kama ni jambo la aibu. Aibu ya dakika moja mbele ya daktari ni nyepesi kuliko mkono unaoubeba maisha yako yote kama mzigo wa mtu mwengine. Dawa ikikusumbua, mlalamikie aliyekupa, usimtafute mchawi jikoni kwa mtu.

Wake wapeni zamu zao, ni haki yao, na tikiti lipimeni kwa uzi mkitaka. Lakini damu haina zamu. Inapiga Kiponda, inapiga Amani, na inapiga pale Darajani katikati ya njia, ambapo hapana nyumba ya mke yeyote.